Safu ya Lugha: Mzimu si wa kutishia watoto

Kila ifikapo Oktoba 31 utasikia hapa kisiwani Mombasa watu wakiiita Halloween "usiku wa mizimu". Neno hilo linaonewa. Mzimu ni roho ya mtu aliyefariki, hasa mzee wa ukoo, na pia ni mahali pa kumtolea sadaka. Kuzimu ni makao ya wafu. Jirani zetu Wagiriama husema koma, na wazee wa chama cha Gohu wakifa huchongewa vigango vya mbao ili ukoo usiwasahau. Hapo pana heshima, hapana vinyago vya kutisha.

Anayempanda mtu kichwani ni pepo, ndugu wa upepo. Jini tumempata kwa Waarabu, naye hakuwahi kuwa binadamu. Anayetaka kutafsiri basi aandike "usiku wa pepo", au aiache Halloween ilivyo. Siku ya Wafu ya Meksiko, Novemba 1 na 2, ndiyo iliyo karibu na mizimu, maana familia huwaandalia marehemu wao chakula. Lakini tusiiite hitima. Hitima, kama isomwavyo Mji wa Kale, ni kukhitimisha Kurani na kumwombea maiti rehema. Wanaokula ni walio hai.