Kata, Winda na Msala: Historia ya Malezi ya Usafi wa Mtoto katika Pwani ya Kenya

Kamusi za Kiswahili zilizotungwa na wageni katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 hazikosi majina ya tanga, ya kamba na ya sehemu za jahazi. Lakini atafutaye humo namna mama wa Mombasa au Lamu alivyomkogesha mtoto aliyekwisha kusimama dede, au alivyomzoeza kwenda haja, hupata machache, nayo yametawanyika. Sababu haiko mbali. Krapf, ambaye kamusi yake ilitolewa mwaka 1882, na Madan na Johnson waliomfuata, walikuwa wanaume, na mgeni mwanamume katika nyumba ya Kiswahili alikomea dakani. Maneno ya uani hayakumfikia ila kwa bahati.

Kuta za mawe zimehifadhi zaidi. Huko Gedi, mji uliofukuliwa chini ya uongozi wa James Kirkman kuanzia mwaka 1948, vyoo vya shimo vimeonekana ndani ya nyumba za watu wenye uwezo, na kando yake mahali pa kujitilia maji. Katika majumba ya Lamu ya karne ya 18 chumba cha choo kilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini lilizamishwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wasife. Maji yalichotwa kwa kata ya kifuu cha nazi na kumiminwa mwilini, hayakuingiwa. Jambo hili si dogo kwa habari ya mtoto. Mtoto anayemiminiwa maji huoga mikononi mwa mtu, haachwi peke yake katika chombo. Neno bafu, na pamoja nalo beseni, yalikuja baadaye kutoka Kiingereza, na yalileta namna nyingine ya kuoga: mtoto kuketishwa majini. Kitenzi cha wenyeji hakikubadilika. Mama wa Mombasa aliendelea kusema anamkogesha mwanawe, chombo kiwe kata au kiwe beseni.

Katika habari ya haja, lugha ina tabaka mbili. Chini kabisa kuna kitenzi cha Kibantu -nya, ambacho zamani kilitumika kwa mtu na kwa mawingu pia: mvua ilikunya, bila aibu yoyote. Leo mvua hunyesha, na kile kitenzi kifupi kimebaki kuwa tusi, au neno la watoto na wagonjwa. Juu yake yamelala maneno ya adabu yenye asili ya Kiarabu: haja ndogo na haja kubwa, msalani, kutawadha. Inastaajabisha kwamba msala ni mkeka wa kusalia, na msalani ni chooni. Njia ya maana hiyo si ngumu kufuata, kwani aendaye kusali hupitia kwanza penye maji. Hata kutawaza, kwa wasemaji wengi, ni kumwosha mtoto baada ya haja, ingawa neno limetoka katika udhu. Kuchamba ndilo neno la wenyeji kwa tendo hilo, na methali isemayo kuchamba kwingi huondoka na mavi yaonyesha kwamba watu wa kale hawakuona haya kupima busara kwa mizani hiyo.

Dini haikuishia katika msamiati. Mkojo ni najisi, na nguo iliyolowa haifai kusalia. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, na ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji. Wa mtoto mwanamke huoshwa. Pindi huyo mwanamume anapoanza kula, hukumu hubadilika na nguo yapasa kuoshwa barabara. Mama asaliye mara 5 kwa siku alikuwa na sababu ya kutokawia kumzoeza mwanawe.

Ushahidi ulio wazi kupita wote haukutoka mjini bali kwa Wadigo, jirani za Waswahili, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics uchunguzi wao juu ya malezi ya Kidigo. Mama, walieleza, huanza mtoto akiwa na wiki 2 au 3. Huketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto akiwa katikati ya miguu hiyo, kampa mgongo. Kisha hutoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa hutuzwa kwa kunyonyeshwa na kupakatwa. Kwa haja kubwa mtoto hugeuzwa akamwelekea mama. Ilitazamiwa kwamba baada ya miezi 5 au 6 mtoto atakuwa mkavu mchana na usiku kwa kiasi cha kuridhisha.

Huko Marekani maoni yalikuwa yamepinda njia mara mbili. Katika miaka ya 1920 na 1930 vijitabu vya serikali viitwavyo Infant Care viliwataka akina mama waanze mapema sana, tena kwa kufuata saa. Halafu mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton, kwa kutumia habari za watoto 1,170, alifundisha kwamba mtoto angojewe mpaka mwili na akili yake viwe tayari, karibu na miezi 18. Watoto wake wengi walikamilisha mafunzo ya mchana wakikaribia miezi 28. Nepi za kutupwa za Pampers zilikuwa zimeingia sokoni mwaka uliotangulia, na kungoja kukawa kwepesi zaidi. Fundisho hilo lilienea likawa kama sheria ya maumbile ya binadamu. Uchunguzi wa Kidigo uliitia sheria hiyo dosari isiyozibika, kwani ulionyesha kwamba utayari ni jambo la utamaduni pia.

Sarufi ya Kiswahili yaweza kueleza tofauti hiyo kwa neno moja. Kwa Brazelton mtoto hukojoa. Yeye ndiye mtenda. Kwa mama wa Kidigo mtoto hukojoshwa: kuna watu wawili, na kati yao kuna ishara. Ile "shuu" ni tanakali ya sauti, na kwa mtoto huyo ndiyo ishara ya kwanza ya lugha anayoitii, miezi mingi kabla hajatamka neno. Wanaisimu wanaohesabu umri wa lugha tangu neno la kwanza la mtoto wameanza kuhesabu wakiwa wamechelewa.

Nepi, neno na kitu, imeisukuma kando winda, ile nguo ya kupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma. Mbeleko imedumu zaidi, kwa sababu ina kazi ya pili. Katika ada za ndoa ya pwani, miongoni mwa vitu ambavyo bwana arusi humpa mama wa mwari kuna ubeleko, kwa jina la nguo ambayo kwayo mwari alibebwa mgongoni, na ambayo mara nyingi ililowa.