Utii Uliotangulia Kifo: Somo la Janani Luwum

Kila tarehe 16 Februari, Uganda huwa na mapumziko ya kitaifa kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Mara nyingi tunamkumbuka kwa kifo chake. Hoja yangu ni kwamba tusipochunguza utii uliotangulia kifo hicho, hasa utii katika mambo ya mali, hatutaelewa ujasiri wake ulitoka wapi.

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, akasomea ualimu. Mwaka 1948 aliokoka kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililochipuka Uganda na Gahini, Rwanda, likaenea hadi Kenya na Tanganyika. Neno “mlokole”, ambalo leo wengine hulitumia kwa dhihaka, limetokana na Kiganda, kwa maana ya mtu aliyeokolewa. Walokole wa kwanza hawakuridhika na toba ya mdomo. Aliyeiba alitakiwa kurudisha alichoiba, kiwe cha jirani, cha mwajiri au cha serikali. Toba ilikuwa na gharama inayohesabika kwa shilingi.

Gharama nyingine ilikuwa cheo. William Nagenda, aliyewahi kuwa karani wa serikali huko Entebbe, alifukuzwa mwaka 1941 pamoja na wenzake katika chuo cha theolojia cha Mukono, walipokataa kuacha mikutano yao ya sala na mahubiri. Hakuwahi kupewa daraja la ukasisi. Aliendelea kuhubiri bila daraja hilo.

Katika malezi hayo ndimo Luwum alimokulia kiroho. Alipokuwa Askofu Mkuu mwaka 1974, Amin alikuwa amekwisha kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na maduka na nyumba zao nyingi zikaangukia mikononi mwa wanajeshi na wafuasi wa utawala. Nchi iligawanyika kati ya walionufaika na waliotishwa. Fedha iliwanyamazisha baadhi ya watu. Hofu ikawanyamazisha wengine.

Luwum hakujitenga na Ikulu. Alizungumza na Amin na kuwaombea watu waliokamatwa, kiasi kwamba wapo waliomlaumu kuwa karibu mno na watawala. Lakini ukaribu huo haukumfunga kinywa. Baada ya askari kuvamia na kupekua nyumba yake usiku mwezi Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua. Walieleza kwamba bunduki iliyonunuliwa kumlinda Mganda sasa ilitumika kumnyang’anya uhai na mali yake. Siku chache baadaye aliitwa katika hoteli ya Nile, Kampala, akatuhumiwa uhaini, akatenganishwa na wenzake. Yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, hawakurudi. Serikali ilitangaza kuwa walikufa katika ajali ya gari.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kumtii Mungu kuliko wanadamu, kama walivyojibu mitume mbele ya Baraza la Yerusalemu, si kuichukia serikali. Luwum aliiheshimu mamlaka, naye akaikumbusha mipaka yake. Pili, ujasiri wa namna hiyo haupatikani kwa ghafla. Mtu aliyezoea kupokea bahasha hawezi kumwambia mkubwa wake “hapana” siku damu inapomwagika, kwa sababu mkubwa huyo tayari anajua bei yake.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa. Mtumishi wa umma Mkristo anayesaini hati ya malipo ya semina isiyofanyika, mwanafunzi anayenunua utafiti, mwanaharakati anayebadili msimamo kulingana na matakwa ya mfadhili, wote hujiambia kwamba ni jambo dogo na kwamba watasimama imara litakapokuja kubwa. Uzoefu wa walokole wa awali unapinga matumaini hayo. Wao walianza kwa kurudisha vitu vya watu.

Kanisa linalomheshimu Luwum mwezi Februari na kupokea sadaka ya fisadi mwezi Machi bila kumuuliza alikoitoa, halijajifunza lolote kutokana na maisha yake.