Gitaa la Nani?

Mwanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam miaka ya sabini alikuwa na ajira, mshahara na jukwaa. Mara nyingi alichokosa ni gitaa. Gitaa lilikuwa la shirika.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Bendi za zamani, kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya 1944, zilikuwa klabu za vijana waliochangishana wakanunua vyombo vyao. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda bendi yake na kuwalipa wapigaji. Wengine wakafuata: Polisi, Magereza, JKT, hadi kiwanda cha nguo cha Urafiki. Aliyetaka kuhama aliacha gitaa, akaondoka na sauti yake. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alipoipa kisogo bendi hiyo ya chama cha wafanyakazi, aliyoitumikia tangu enzi za NUTA, na kwenda Mlimani Park, iliyoanza 1978, mji ukagawanyika: huku Msondo, jina la utani la bendi aliyoiacha, kule Sikinde, la Mlimani Park. Ubishi huo haujaisha hadi leo, na asiye na upande hunyamaza.

Wanafunzi hawakuruhusiwa kwenye dansi la usiku. Wao walikuwa na bugi, dansi la mchana, ambako The Rifters, The Sparks na Barkeys walipiga soul na vijana wakajimwaga hadi jioni. Wakubwa hawakufurahi. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulianza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo soul yenyewe ikapigwa marufuku Dar es Salaam. Kama lengo lilikuwa kuzima mitindo ya nje, halikufika mbali: miaka michache baadaye barabara zilijaa bugaluu pana na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu.

Kilichoyumbisha bendi hakikuwa amri. Mashirika yaliyolisha bendi yalidhoofika, na vituo binafsi, kikiwemo Radio One mwaka 1994, vikavunja ukiritimba wa Radio Tanzania. Saleh J alikuwa ameshaanza kurap kwa Kiswahili, na kundi la Kwanza Unit likaja nyuma yake. Kuchana, yaani kurap, kulihitaji daftari na mdundo tu. Vyombo vya kuazima havikuwa na kazi tena. Wazazi waliuita muziki huo, uliokuja kujulikana kama bongo flava, wa kihuni. Wahuni hao wakaingia bungeni: rapa Sugu kutoka Mbeya mwaka 2010, na Profesa Jay, aliyekuwa amewakejeli wanasiasa katika "Ndio Mzee", kutoka Mikumi mwaka 2015.

Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya takribani nusu karne jukwaani, akiwa hana gari. Diamond Platnumz, nyota wa bongo flava aliyekuwa bado kijana wa miaka ya ishirini, akampa moja. Mzee huyo alifariki mwaka uliofuata.

Siku hizi uswahilini, Manzese na Mburahati, kinachorindima ni singeli, yenye asili ya mchiriku na ngoma za vigodoro. Mapigo yake huweza kupita 200 kwa dakika. Studio ya Sisso ya Mburahati inaitengeneza kwa kompyuta, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zake. Vijana wa studio hiyo sasa wanaitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, na mzigo wao hauzidi begi la mgongoni.