Mbacha, Msala na Zulia: Maneno ya Matandiko katika Unguja

Methali hii hufundishwa shuleni mara nyingi: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Wanafunzi wengi hudhani kuwa mbachao ni jina la kitu. Sivyo, maana yake ni mbacha wako, yaani mkeka wako uliochakaa. Lakini hata ajuaye hayo hataionja methali asipojua matandiko ya Unguja na daraja zake. Nasi twayaeleza hapa kwa ufupi.

Matandiko ya wenyeji ni ya kusuka. Wanawake huchana ukindu, husuka ukili mrefu, kisha huushona ukili kwa ukili hata uwe mkeka. Jamvi ni kubwa na nene, hutandikwa penye mkutano. Msala ni mdogo, wa kusalia. Yote hayo ni bapa, na mchanga wake hukung'utwa mara moja.

Busati na zulia ni vitu vya ng'ambo, na majina yake yalikuja pamoja navyo kutoka Uarabuni na Ghuba. Wafasiri huyachanganya, bali yatofautiana. Busati hufumwa bapa, mtande na mshindio tu. Zulia hufungwa vifundo vya sufu juu ya mtande, navyo hukatwa, ncha zikasimama kama manyoya. Manyoya mafupi yaliyosongamana huvumilia nyayo. Marefu ni laini, lakini huficha mchanga, na wakati wa masika hushika unyevu.

Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, aeleza katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886 kwamba vyumba vya wakubwa vilitandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Basi mkeka mwema haukudharauliwa hata nyumbani mwa matajiri. Na kwa kuwa viatu vilivuliwa mlangoni, manyoya ya zulia hayakulika upesi.

Sasa methali yaeleweka. Msala upitao ni mzuri, lakini wapita pamoja na mwenyewe. Mbacha, ujapochakaa, ndio utakaolalia usiku. Siku hizi mikeka ya plastiki imeenea, na watoto wengi hawajapata kuuona ukili ukishonwa. Mwalimu na alete darasani kipande cha mkeka mkuukuu, wanafunzi waushike, ndipo awaulize maana ya methali.