VIAZI VYA UKOKO: HISTORIA YA CHAKULA KIMOJA CHA GOMA

Wenzetu wa chama walipotuomba kurasa chache juu ya desturi za kwetu, pengine walingojea tuandike juu ya mahari, matanga ao majina ya watoto mapacha. Sisi tumechagua sufuria moja ya viazi. Ni viazi vilivyokatwa vipande, vikapangwa pamoja na fromaji ya Masisi, maziwa, kitunguu na pilipili, kisha vikachomwa mpaka juu pakauke na kuwa pekundu. Mu Goma wengi wanakiita chakula hiki kwa jina la Kifaransa, grateni, na mara nyingi tunakikuta kwenye arusi, kwenye komunyo ya watoto na siku ya Noeli, kando ya kuku ao ya sambaza. Nyumbani kwetu watoto wanakiita viazi vya ukoko. Tutafuata jina la watoto.

Tulipoleta habari hii mbele ya wanafunzi wetu, mmoja alisimama akauliza: «Mwalimu, ile ni chakula ya bazungu. Mu kitabu ya desturi inatafuta nini?» Darasa zima lilicheka, na sisi pia. Mwingine, mtoto wa Masisi, yeye hakucheka. Alisema: «Hata ile fromaji, kule kwetu hatuikulaka. Tunaiuzishaka tu.» Haya maneno mawili ndiyo yaliyotusukuma kuandika, na lile la pili lilituuma kuliko la kwanza.

Tuanze na kiazi chenyewe. Kiswahili kinakiita kiazi ulaya, lakini jina hilo linadanganya. Kiazi hiki hakikuzaliwa Ulaya. Kilizaliwa katika milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia, karibu na ziwa Titicaca, ambako watu walianza kukilima yapata miaka 8.000 iliyopita. Wahispania walikichukua katika karne ya 16. Kati ya maandishi ya zamani kabisa yanayoonyesha kiazi kikifika Ulaya, kuna hati ya mwaka 1567 ya mzigo uliotoka visiwa vya Canary ukienda Antwerp, bandari ya Ubelgiji ya leo. Kwa hiyo Wabelgiji nao walikipokea kama mgeni aliyeshuka melini, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kutuletea sisi.

Na hawakukipenda mara moja. Huko Ufaransa watu wengi walikiona kama chakula cha nguruwe. Mfamasia Antoine Parmentier alikula viazi akiwa mfungwa wa Waprusia, wakati wa vita vya mwaka 1756 hadi 1763. Aliporudi kwao, alifanya kazi miaka mingi kuwasadikisha watu kwamba kiazi kinaweza kushibisha nchi. Tunaikumbusha habari hii kwa wale wanaofikiri kwamba ni Mwafrika tu anayeogopa chakula kipya.

Kwetu, kiazi kiliingia na wamisionari na wakoloni, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikakuta milima inayofanana na ile ya kwao: baridi ya usiku, mvua ya kutosha, na udongo mweusi wa volkeno. Kati ya Kibumba, Rutshuru, Masisi na Lubero kilijisikia nyumbani. Mu soko tunakiita kirayi, birayi, kama vile majirani zetu wa Rwanda. Mbegu hazisimami kwenye mpaka. Mwaka 1979 Rwanda ilianzisha programu ya taifa ya viazi kule Ruhengeri, na mbegu zilizojaribiwa upande ule zilivuka mu vikapu vya banamama bila kuomba viza. Moja inaitwa Kinigi, jina la mahali kule Rwanda chini ya volkeno. Nyingine inaitwa Cruza, neno la Kispanyola lenye maana ya mbegu iliyochanganywa. Mama wa Kibumba anaita «Cruza! Cruza!» kandokando ya barabara kama vile ni neno la kikwao, na sasa ni neno la kikwao.

Adui wa kiazi naye alikuja. Ule ugonjwa wa mildiu unaochoma majani kwa siku chache mvua ikizidi, wakulima wetu wanaujua vizuri. Ndio huo huo ulioharibu mashamba ya Irlandi kuanzia mwaka 1845, ambako watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa. Walikuwa wametegemea karibu kiazi peke yake. Mkulima wa kwetu anayechanganya kiazi na maharagwe na mahindi hakusoma historia ya Irlandi, lakini anafanya kama aliyeisoma.

Juu ya pilipili tutasema kwa kifupi. Nayo ni ya Amerika, na haikujulikana upande huu wa bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno waliizungusha katika bandari zao zote. Jina lake ndilo la zamani kuliko yenyewe: pilipili lilikuwa jina la ile pilipili manga ya Uhindi, na mgeni alipofika alivikwa nguo ya mwingine. Leo nani atathubutu kumwambia Mkongomani kwamba pilipili si yake?

Inabaki fromaji, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito.

Watu husema kwamba wazee wetu hawakujua fromaji. Ni kweli nusu. Wafugaji wa Kivu walijua tangu zamani kugandisha maziwa. Wabashi wanayaita mashanza, na kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na kibuyu chake. Kitu ambacho hakikuwako ni namna ya gouda, inayobeba jina la mji mmoja wa Uholanzi. Maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha ambayo tangu zamani inatoka katika tumbo la ndama, kisha yale maganda yanakatwa, yanakamuliwa maji, yanafinyangwa ndani ya umbo la mviringo, yanalazwa mu maji ya chumvi, na mwishoni yanawekwa juu ya mbao kwa majuma ao miezi, huku yakigeuzwa-geuzwa. Wamisionari na wakulima wa Kibelgiji ndio walioleta kazi hii mu milima ya Masisi.

Kwa nini ilidumu walipoondoka? Wengine wanasema ni hali ya hewa, wengine wanasema ni majani mazuri. Sisi tunasema ni barabara mbaya. Maziwa ya asubuhi yakikamuliwa juu ya kilima, na gari likakwama mu matope siku mbili, hayatafika Goma yakiwa maziwa. Lakini litre kumi hivi za maziwa zinatoa kilo moja ya fromaji, na kilo hiyo inaweza kubebwa kichwani, ao kufungwa nyuma ya moto, ikalala njiani, ikafika Goma na kupanda ndege ya Kinshasa bila kuoza. Fromaji ni maziwa yaliyofundishwa kusafiri. Mahali penye lami nzuri pengine mtu angeuza maziwa tu.

Historia ya malisho yenyewe si ya maziwa na asali. Kuanzia mwaka 1928, halmashauri ya wakoloni iliyoitwa Comité National du Kivu iligawia wazungu ardhi kubwa. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzipanga Masisi, kwa sababu ilitaka mikono ya kazi. Mwaka 1973, kwa amri ya Zairianisation, mashamba ya wageni yalipewa wenyeji wenye nguvu, na mengi yakageuka malisho ya ng'ombe. Mwaka 1993 vita vilianza Walikale na Masisi, mwaka unaofuata wakimbizi wakavuka mpaka, na mu miaka hiyo ng'ombe waliibiwa na kuchinjwa kwa wingi sana. Kazi ya fromaji ilianguka. Mu miaka ya 2000 iliinuka tena polepole, ng'ombe kwa ng'ombe.

Katika Kiswahili, mgeni ni yule unayempa kiti na maji ya kunywa. Ni neno zuri. Mu Kivu tumeliona likitumiwa kama panga. Tumezika watu kwa sababu ya neno hilo. Ndiyo maana mwanafunzi wetu aliposema kwamba chakula hiki ni cha wageni, tulicheka, lakini si kwa moyo wote. Hata zile sambaza tunazokula kando yake na kuziita samaki wa Kivu, zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kabla ya hapo ziwa letu halikuwa nazo.

Na Ulaya kwenyewe? Grateni ya Dauphiné, iliyo maarufu kuliko zote, inajulikana kwa maandishi tangu mwaka 1788, katika karamu moja mu mji wa Gap. Ile ya asili haina fromaji: ni viazi na maziwa tu. Nyingine inaitwa tartiflette. Watalii wanaila wakifikiri ni chakula cha babu wa babu wa milima ya Savoie. Ukweli ni kwamba ilitengenezwa mu miaka ya 1980, wauza-fromaji walipotaka kuuzisha reblochon zaidi, kwa kuiga chakula cha zamani cha pale. Kwa hiyo viazi vyetu vya Goma si watoto wadogo sana mbele yao.

Neno grateni linatoka katika kukwangua. Ni kile kinachokwanguliwa kwenye chombo, yaani ukoko. Watoto wetu walilitafsiri vizuri bila kamusi.

Sasa namna ya kupika, kwa wale ambao hawana furu. Kilo moja ya birayi inamenywa na kukatwa vipande vyembamba kuliko kidole. Usivioshe tena baada ya kukata, kwa maana ule unga mweupe ndio unaofunga maziwa. Vichemshe dakika tano tu. Twanga pilipili mbili mbichi pamoja na chumvi na kitunguu saumu, utie ndani ya gilasi mbili za maziwa ya moto. Hapa watu hukosea, wanarusha pilipili juu, mwishoni. Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta. Ukiutia mu maziwa yenye mafuta yake, unaenea sufuria nzima, hakuna anayeungua peke yake. Na mtu akiungua, asikimbilie maji, ale kipande cha fromaji.

Paka sufuria siagi. Panga viazi, kitunguu, fromaji iliyokwanguliwa, tena viazi, tena fromaji, jumla robo kilo. Ikiwa fromaji ni changa inayeyuka vizuri. Ile iliyokomaa sana inatoa mafuta, hiyo uiweke juu tu. Mwaga maziwa. Kisha mbabula: makala machache chini, mengi juu ya kifuniko cha chuma. Siri ni hiyo, moto uwe juu. Kwa dakika arobaini hivi usifunue kila mara. Harufu itakuambia.

Tulipika hivi pamoja na wanafunzi, mu uwanja wa nyuma, na yule mtoto wa Masisi ndiye aliyeleta fromaji. Wote walikula, na yule wa «chakula ya bazungu» alikuwa wa kwanza kukwangua kifuniko.

Tangu siku hiyo mengi yamepita. Mwezi wa pili 2024 mapigano yalifika kandokando ya Sake, barabara ya Masisi ikakatwa, na bei ya vyakula Goma ikapanda. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mji wenyewe, na uwanja wa ndege ukafungwa. Fromaji ambayo kawaida ilikuwa inapanda ndege ilibidi itafute njia nyingine, ao ibaki kilimani. Kwa mara ya kwanza tulisikia watu wa kule wakiulizana namna ya kuila.

Mama wa yule mwanafunzi ni kati yao. Alikuwa ameshika kazi hiyo miaka mingi, na alikuwa anaonja kwa ncha ya kisu tu, kujua kama imekomaa. Alitutumia swali kupitia mtoto wake: ile fromaji iliyopasuka, ambayo wachuuzi wanaikataa, je, inafaa kwa viazi vya ukoko? Tulimjibu kwamba inafaa. Akate sehemu yenye ukungu, akwangue inayobaki, na akipenda aweke pilipili tatu.