Umri wa Heshima: Muungwana na Mushingantahe katika Mwambao wa Rumonge

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja alinionyesha mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni, wa jamii ya ule uliotolewa Marekani mwaka 1974, Dungeons & Dragons. Mchezaji humchagulia mhusika wake jamii, umri na kiapo. Jamii nyingine huishi karne kadhaa; na shujaa akivunja kiapo hupoteza nguvu zake. Nilimjibu kwamba mwambao wetu wa Rumonge una wahusika wawili wa namna hiyo, na majina yao yameishi kuliko wenyewe.

Wa kwanza ni muungwana. Huko pwani neno hili lilimaanisha mtu huru, asiye mtumwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilifika Ujiji, kisha ikapanda ziwa kwa mitumbwi na mashua kuelekea Rumonge na Uvira. Huku bara, "waungwana" likawa jina la karibu kila aliyekuja na misafara hiyo akisema Kiswahili, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Jina walilonyimwa pwani walijipa wenyewe huku. Ng'ambo ya ziwa likazaa Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Hata hivyo, misafara hiyohiyo ndiyo iliyowanyang'anya wengine uhuru wao. Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kutoka ziwani. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Kiswahili kikae mwambaoni kwa muda mrefu bila kupanda milimani.

Wa pili ni mushingantahe, mwenye kusimika intahe, fimbo ya haki. Heshima hii haikurithiwa. Mtu alichunguzwa kwa miaka, kisha akatawazwa hadharani na kuapa kusema kweli na kupatanisha watu. Mfumo huu nao ulikuwa na upungufu wake, kwani wanawake hawakutawazwa kwa nafsi zao. Lakini haukufa pamoja na ufalme mwaka 1966; Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliutaja miongoni mwa nguzo za maridhiano.

Leo kamusi hufasiri uungwana kuwa ni adabu, na katika Kirundi "mushingantahe" hutumika pia kama "bwana". Maneno yote mawili yamelainika kwa uzee. Basi, walimu wenzangu, tusiyafundishe kama visawe. La kwanza lilimuuliza mtu: ulizaliwa na nani? La pili lilimuuliza: umeishi vipi? Mwanafunzi wa Rumonge, ambaye huenda ana damu ya mwenye msafara na ya aliyetekwa pia, anastahili kuyajua maswali yote mawili kabla ya kuitwa muungwana.