Namna Watoto Wetu Walivyojifunza Kueleza Jambo kwa Mpango



Katika Yubile hii tunahesabu wabatizwa, ndoa na makanisa ya matawi. Tukumbuke pia kazi moja isiyohesabiwa: kuwafundisha watoto wa Masisi na Walikale kuandika fungu moja la maneno lenye mpango, la kueleza jambo kwa mtu asiyelijua.

Kazi hiyo ilianza polepole. Kwa mapatano ya mwaka 1906 kati ya Roma na Serikali ya Mfalme Leopold II, misioni zilipewa mashamba, nazo zikapashwa kufungua masomo. Mtoto wa wakati ule alishika kibao chake, akaandika maneno aliyosomewa na mwalimu. Dikte ilifundisha mkono kutii. Haikufundisha bado akili kupanga. Mapadri Weupe wenyewe walikuwa na desturi nyingine. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868, aliagiza kila misioni iwe na kitabu cha mambo ya kila siku. Padri aliandika habari, mtoto alinakili tu. Hivi, kwa muda mrefu, habari za milima na pori letu ziliandikwa na wageni.

Si kwamba wazee wetu walikosa mpango katika kusema. Mwaka 1956, katika Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo muda wa siku 12, na mtaalamu Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake Wanyanga wakaiandika. Mwaka 1969 ilichapwa kuwa kitabu, kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Lakini hadithi inamfurahisha msikiaji kwa kumngojesha. Fungu la kueleza linapashwa kumpa msomaji jambo lenyewe tangu mwanzo.

Ndiyo sababu sisi walimu tunaanza na kitu ambacho mtoto anakijua kwa mikono yake. Anaandika juu ya mihogo: «Mihogo ni mizuri. Mama anaitwanga. Mto ni mbali. Inaua. Tunapenda bukari.» Maneno yote ni kweli, lakini msomaji anapotea. Hatumkaripii. Tunamwuliza: Unataka nijue jambo gani? Linafanyika namna gani? Kwa sababu gani? Neno gani litafunga? Naye anaandika tena: «Mihogo michungu ina sumu, kwa hiyo haifai kuliwa mara moja. Kwanza tunaimenya na kuiloweka majini siku tatu ao ine, kwani maji yanaondoa sumu. Kisha tunaianika juani na kuitwanga. Unga wake ndio unaotupatia bukari.» Mto ulio mbali umetoka, kwani ni neno la fungu lingine.

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilitwaa masomo yote; kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 usimamizi ukarudishwa kwa makanisa. Wakubwa walibadilika, somo likabaki, kwani mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, unamwomba mwanafunzi insha ya Kifaransa. Asiyejua kupanga fungu moja kwa Kiswahili, atapangaje matano kwa Kifaransa?

Lakini kuna sababu iliyo kubwa kuliko mtihani. Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na vita ikaenea hata Masisi. Tangu siku zile tumeona maneno yasiyo na mpango yakipita vijiji mbio: «Wanakuja! Wameua!» Nani? Wapi? Siku gani? Nani aliona kwa macho yake, na nani alisikia tu? Maswali hayo ya mwalimu ndiyo yanayotenga ushuhuda na uvumi. Masomo yalifungwa, makaye yalipotea, jamaa zilikimbia. Mtoto anayejua kuandika vema mambo ya kijiji chake anakichukua pamoja naye popote anapokimbilia.

Kwa hiyo tunaomba neno moja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa sita amwendee mzee mmoja, kisha aandike fungu moja: nani walijenga kanisa la tawi, maji yaliletwa namna gani, njia ilipita wapi. Mwalimu alisahihishe, padri aliweke pamoja na kitabu cha misioni.

Wageni waliandika mwanzo wetu, nasi tunawashukuru. Yanayofuata, tuyaandike sisi wenyewe.